Ekzosi ya Lori Yenye Sauti ya Kupandishwa na Kushushwa: Inavyofanya Kazi, na Haki ya Jirani



Ndugu zetu katika Iymaan, katika mitaa yetu mingi, Unguja na Pemba, lori hulala ubavuni mwa nyumba. Ndilo linaloilisha nyumba hiyo. Hubeba mchanga, kokoto, matofali na saruji, na msimu wa karafuu ukifika hubeba magunia. Dereva huamka kabla ya adhana ya Alfajiri ili awahi mzigo, na akishatia ufunguo, nyumba zote za jirani zinajua kwamba fulani anaondoka.

Kelele hiyo ya kawaida watu wameizoea na wanavumiliana. Lakini kuna jambo jengine linalofanywa gereji: kijana anakwenda kwa fundi, sailensa inakatwa, na lori linatoka na mngurumo wa kutikisa madirisha. Wapo wanaosema hawakati moja kwa moja, bali wanatia valvu, ili sauti iwe kubwa wakitaka na ndogo wakitaka. Mama akilalamika kwamba mtoto mchanga wa nyumba ya pili hapati usingizi, kijana humjibu: "Usijali, mama, nikifika nyumbani naifunga."

Je, jawabu hilo linatosha? Ili tulipime kwa uadilifu, ni lazima kwanza tufahamu ekzosi inafanya kazi vipi, valvu hiyo inabadilisha nini, na nani anayebeba uzito wa sauti hiyo.

Sauti ya dizeli inatoka wapi

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Pistoni hubana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani yake, na dizeli hujiwakia yenyewe. Baada ya kazi hiyo, mlango wa kutolea moshi hufunguka huku moshi ukiwa bado na nguvu. Moshi hutoka kwa kishindo, na kila silinda ina kishindo chake.

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda hutoa kishindo kimoja kwa kila mizunguko miwili. Chukua injini ya silinda 6 inayozunguka mara 1,800 kwa dakika. Vishindo vyake ni 5,400 kwa dakika, yaani 90 kwa kila sekunde. Sikio halivisikii kimoja kimoja. Linasikia mngurumo mzito.

Uzito huo ndio unaowasumbua majirani. Wimbi la sauti ya vishindo 90 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 4, ambao ni zaidi ya upana wa vyumba vingi tunavyolala. Sauti nyembamba, kama filimbi, huzuiwa na ukuta na dirisha kwa urahisi. Sauti nzito hupita, huzunguka pembe za nyumba na kutikisa mabati. Ndiyo maana mtu anafunga madirisha yote na bado anausikia mngurumo kifuani.

Sailensa na tabo

Kutoka kwenye injini, moshi hukusanywa kwenye manifoldi, kisha hupita kwenye tabo, ikiwa gari linayo. Tabo huzungushwa na moshi ule ule ili isukume hewa zaidi ndani ya injini. Kwa kuwa inakula sehemu ya nguvu ya moshi, inapunguza pia sehemu ya kelele. Kwa hiyo lori lenye tabo huwa na sauti pungufu kidogo hata kabla ya sailensa, ingawa haitoshi.

Baada ya hapo ndipo inapokuja sailensa. Watu wengi hudhani ni pipa tupu, kumbe ndani yake mna vyumba na mabomba yenye matundu. Mawimbi ya sauti hugonga kuta za vyumba hivyo, yakarudi na kukutana na yanayokuja, na yakauana yenyewe kwa yenyewe. Nyengine huwa na nyuzi maalumu zinazomeza sauti na kuigeuza kuwa joto kidogo. Moshi unapita, kishindo kinabaki ndani. Aliyekata sailensa hajaongeza kitu kwenye injini yake. Ameondoa tu kile kilichokuwa kikiwastiri watu na kishindo chake.

Valvu inavyotiwa

Mfumo wa kurekebisha sauti uko hivi. Kabla ya sailensa, fundi hukata bomba na kuchomelea tawi, mfano wa herufi Y. Njia moja inaendelea kwenye sailensa kama zamani, na ya pili inatoka nje moja kwa moja. Kwenye njia hii ya pili huwekwa valvu: kisahani cha chuma kilichokaa juu ya mhimili katikati ya bomba. Kikisimama kimefunga, moshi wote hupita kwenye sailensa. Kikilala kimefungua, moshi hufuata njia nyepesi na sauti hutoka nzima. Kikiwa nusu, sauti huwa baina ya hizo mbili.

Kisahani hicho huendeshwa kwa njia tatu: kwa waya wa kuvuta kutoka ndani ya kabini, kwa mota ndogo ya umeme, au kwa upepo unaochukuliwa kwenye mitungi ya gari.

Kisichanganywe na breki ya ekzosi. Malori mengi hutoka kiwandani yakiwa na kisahani kinachofanana na hicho, lakini hicho huziba bomba ili moshi uikaze injini na gari lipungue mwendo kwenye mteremko. Dereva anayeteremka na mzigo katika vilima vya Pemba anajua faida yake. Hicho ni kifaa cha usalama na hakiguswi. Fundi asiyetofautisha vifaa viwili hivi, usimkabidhi gari lako.

Je, gari linapata nguvu?

Hii ndiyo hoja inayotumika zaidi: "Sailensa inaibana injini." Kuna chembe ya ukweli ndani yake, kwani kila kinachozuia moshi hupunguza nguvu kiasi fulani. Lakini sailensa nzima, ya kipimo kilichokusudiwa kwa gari hilo, hubana kidogo tu, na kiwanda kilikwishalihesabu hilo. Dereva anayefungua valvu huisikia nguvu kwa masikio, na masikio hudanganya: gari lenye kelele huonekana linakwenda kasi hata kama mzigo unapanda mlima kwa mwendo ule ule.

Lori likiwa zito kupanda na linatoa moshi mweusi, mara nyingi sababu iko kwengine. Huenda chujio la hewa limejaa vumbi, nozeli zimechoka, pampu ya dizeli imekwenda mrama, hosi ya tabo inavuja, au sailensa yenyewe imeziba kwa masizi baada ya miaka mingi. Dawa ya sailensa iliyoziba ni kuibadilisha. Fedha ya valvu, kuchomelea na waya ingetumika kwenye mambo haya, faida yake ingeonekana kwenye matumizi ya dizeli.

Madhara ndani ya gari lenyewe

Kuna mambo manne ambayo mwenye gari anapaswa kuyajua kabla ya kumpa fundi ruhusa.

La kwanza ni moshi. Kila kiungo kipya ni mahali papya pa kuvuja, na tawi likitokea chini ya kabini moshi huingia ndani. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo rangi wala harufu, inayomletea dereva kichwa kuuma na usingizi akiwa kwenye usukani. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binaadamu. Dereva na utingo wanauvuta kila siku, na mtoto anayepanda na baba yake anauvuta pamoja nao.

La pili ni moto. Gari likiwa na mzigo, moshi kwenye bomba huweza kupita digrii 400. Njia mpya ikielekezwa karibu na nyaya, tairi, tangi la dizeli au mabomba ya breki, hatari yake haihitaji maelezo.

La tatu ni breki. Kwenye malori yanayotumia breki za upepo, fundi mwenye haraka huchukua upepo wa valvu kwenye mtungi wa breki. Bomba hilo jembamba likipasuka, upepo wa breki unavuja nalo. Upepo wa vifaa vya ziada huchukuliwa kwenye njia yake maalumu, iliyotengwa na breki kwa valvu ya kinga.

La nne ni kugoma. Kisahani hukaa ndani ya joto na masizi, na hewa yetu ya chumvi inakula chuma kutoka nje. Baada ya muda hunata, na kinaponata kikiwa wazi, ile ahadi ya "nikifika nyumbani naifunga" imekwisha.

Kelele hupimwa vipi

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakihesabiki kama kilo au mita. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara 10, na sikio huhisi kama imekuwa maradufu. Tuseme sauti ya lori imeongezeka desibeli 10. Kwenye uwanja wa wazi, kiwango kilichokuwa kikisikika umbali wa mita 100 sasa kitasikika karibu mita 300. Ukichora duara, eneo linalofikiwa limekuwa mara 10. Kama mwanzo ulikuwa ukiziamsha nyumba 10, katika mtaa ulio na nyumba sawa kila upande utaziamsha 100. Dereva ameongeza kidogo, mtaa umepokea kingi.

Dereva mwenyewe hasalimiki. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zikiongezeka 3, muda hupungua kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na 100 kwa dakika 15 tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviota tena. Anayeshuka garini jioni masikio yakimlia amekwishaonywa.

Kwa walio majumbani, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani wakati wa usiku zisipite wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba, kwa sababu usingizi unaokatika kila siku huathiri afya. Mgonjwa wa presha, mama aliyejifungua, mzee ambaye usingizi wake ni mwepesi na mtoto anayekwenda skuli asubuhi hawajui ni kwa nini lori la jirani linanguruma namna ile. Wanachojua ni kwamba wameamka.

Liko pia jambo la kisheria lenye mazingatio. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni juu ya sauti za magari, ikataja wazi mifumo ya ekzosi ambayo dereva anaweza kuibadilisha. Kanuni hiyo inataka mfumo utimize masharti katika hali zake zote, na kipimo kinachoandikwa ni kile cha hali yenye kelele zaidi. Hawakukubali hoja ya "naweza kuifunga." Gari huhesabiwa kwa ile hali ya ekzosi yenye kelele zaidi.

Mafundisho yanayogusa jambo hili

Hatuhitaji kutafuta mbali. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza mtu kudhuru na watu kudhuriana, na juu ya Hadiyth hiyo Maulamaa wamejenga kanuni kubwa kwamba madhara huondolewa. Ameapa pia kwamba hana Iymaan kamili yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Na ametufundisha kwamba kuondosha chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya Iymaan; itakuwaje kwa anayekileta chenye kuudhi njiani?

Huenda mtu akasema kuwa sauti si madhara. Na azingatie mapokezi mawili. Katika Sunan Abiy Daawuud imepokewa kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa katika itikafu Msikitini akawasikia watu wakisoma Qur-aan kwa sauti za juu. Akalifungua pazia, akawaambia kwamba kila mmoja ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane kwa kupandishiana sauti. Ikiwa kisomo cha Qur-aan kimewekewa adabu ya kutowaudhi wengine, mngurumo wa bomba la moshi una hoja gani?

La pili liko katika Swahiyh Muslim, kutoka kwa Al-Miqdaad (Radhwiya Allaahu 'anhu): Mtume alikuwa akija usiku hutoa salaam kwa sauti ambayo haimwamshi aliyelala na anaisikia aliye macho. Sauti ilipimwa kwa hali ya anayesikia. Valvu ya kabini inapimwa kwa matamanio ya anayeendesha. Hiyo ndiyo tofauti, na hapo ndipo jawabu la kijana kwa mama yake linapopungua. Akiifunga valvu nyumbani kwake na kuifungua katikati ya mtaa wa watu wengine, amemstahi mama yake na amemuudhi mama wa mwenzake.

Kwa upande wa pili, nasi majirani tuwe waadilifu. Lori ni riziki ya halali, na injini haiwezi kwenda kimya. Sauti isiyoepukika, ya gari lililo zima kama lilivyotoka kiwandani, ni katika mambo ya kuvumiliana. Inayolaumika ni ile iliyoongezwa kwa makusudi bila ya haja. Na mwenye ugomvi mahsusi na jirani yake awaendee Shaykh na sheha wa mtaa wake, wasikilizwe wote wawili; makala haihukumu baina ya watu.

La kufanya

Kwa mwenye lori ambalo sailensa imekatwa: rudisha sailensa ya kipimo cha gari lako, na viungo vifungwe kwa gasketi nzima. Kama sauti bado ni kubwa, muulize fundi kuhusu kuongeza sailensa ndogo ya pili mbele ya bomba la mwisho, kwa bomba lenye upana ule ule ili injini isibanwe.

Kwa ambaye valvu tayari ipo: lililo bora ni kuiondoa, na tundu lizibwe kwa flenji. Ikiwa atachelewa kwa sababu ya fedha, basi angalau springi yake ipangwe ili waya ukikatika au umeme ukikosekana, kisahani kirudi kwenye kufunga. Na mpaka siku ya kuiondoa, ibaki imefungwa kila pahala penye watu. Visiwa vyetu ni vidogo, na barabara isiyo na nyumba, Msikiti, skuli wala hospitali ni adimu.

Kwa anayeondoka alfajiri: usikanyage mafuta kupasha injini moto. Breki za upepo zinahitaji muda mpaka mshale wa upepo ufike mahali pake, lakini injini ikinguruma taratibu mitungi itajaa pia, ila kwa kuchelewa kidogo. Lilaze gari likiwa limetazama njia, usilazimike kulirudisha nyuma gizani, na mdomo wa bomba usielekee dirisha la mtu. Ukiweza, lilaze mbali zaidi; kila umbali unapokuwa maradufu katika uwanja wa wazi, sauti hupungua karibu desibeli 6.

Kwa mafundi: mteja akikuomba umkatie sailensa, mweleze haya kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Neno la fundi lina uzito kuliko makala, kwa sababu kijana anakuamini.

Na kwa wazazi: mtoto wako akikwambia valvu itafungwa akifika nyumbani, msifu kwa kukukumbuka, kisha muulize swali moja. Barabara ya kutoka nyumbani kwetu hadi kwenye machimbo ya mchanga ina nyumba ngapi, na katika kila nyumba amelala nani?

Tunamuomba Allaah Awabariki wanaotoka alfajiri kutafuta riziki ya halali, Awape wagonjwa wetu usingizi na afya, na Atujaalie tuwe majirani ambao watu wanasalimika nasi.

Na Allaah Anajua zaidi.